Asiyesikia Kitu

Constantin alikuja kutukataza kulia akiwa amevaa tai. Hilo ndilo lililonikera kwanza, kabla hata sijaelewa anasema nini. Ijumaa asubuhi, mimi nina povu la sabuni mpaka viwikoni, na yeye amesimama mlangoni kwangu na tai nyekundu ya Misa ya Pasaka, na kifuani amebandika kile kibeji cha Kamati ya Utulivu ya mtaa wetu.

"Mama Madeleine," akasema, "umwambie Mama Mujinga asiweke kilio. Bwana yake hakufwa. Eko mu safari."

"Safari ya wapi?"

"Safari. Bantu banasafiri."

"Kofia yake ilirudi, Bwana Constantin. Siku hizi kofia inarudi yenyewe, kichwa inabakia ku safari?"

Akatazama nguo zangu kwenye beseni kana kwamba ndizo zilizosema. Kisha akanieleza, kwa Kifaransa safi, kwamba kumlilia mtu ambaye Kamati haijathibitisha kifo chake ni kueneza habari za uongo, na kueneza habari za uongo wakati huu ni kosa kubwa. Akanisalimia kwa heshima zote na kwenda zake. Sikuwa naogopa. Nilikuwa na hasira iliyonifanya nilikamue shati la mume wangu mpaka vifungo viwili vikaruka.

Edouard alikuwa mume wa Mujinga, na nyumba yao na yetu zinagusana ukuta hapa Kamalondo. Alikuwa Mkasai, karani wa reli, mtu mrefu mwenye kofia ya kijivu ambayo hakuivua ila kanisani. Katanga ilikuwa imejitangaza nchi yake yenyewe, mwaka mmoja na kitu umepita, na watu wa Kasai waliozaliwa hapa hapa, waliobatizwa hapa, waliozika baba zao hapa, waliambiwa sasa kwamba ni wageni. Wengi walikuwa wameanza kuhama na magodoro vichwani kwenda kulala karibu na kambi ya askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa. Edouard alikataa. Alisema yeye hawezi kukimbia kutoka nyumbani kwenda mtaa wa pili.

Wiki ile alipanda lori la Chomba kwenda Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga, kumchukulia mkewe samaki wakavu wa kuuza sokoni, kama alivyofanya kila mwaka. Kabla ya kufika kulikuwa na kizuizi cha magogo, na vijana wenye mapanga na bunduki, wanauliza abiria majina na asili zao. Edouard alijibu. Wakamteremsha. Chomba, ambaye ni dereva na hakuwa na silaha ila usukani, alirudi na gunia tupu na ile kofia ya kijivu.

Hapo ndipo Kamati ikasema amesafiri. Kisa chake tulikielewa wote. Kilio kinakusanya watu, watu wakikaa pamoja wanauliza marehemu amekufaje, na jibu la swali hilo lilikuwa na mwenyewe, ambaye Kamati haikutaka atajwe. Kwa hiyo hakuna kifo, hakuna kilio, na anayetaka kulia alie moyoni.

Mtu wa mbali labda atasema, basi, lieni moyoni, kuna ubaya gani? Huyo hajakaa Kamalondo. Hapa mtu akifa, jirani wote wanakuja. Wanawake wanakaa chini kwenye mikeka, vichwa wazi, wanaume wanakaa nje. Anayefika anaanza kulia tangu barabarani, ili wenye msiba wasikie kwamba amewajia wao. Na kwa watu wa Kasai kuna kitu cha zaidi, kasala, yaani mtu mmoja anasimama na kumwita marehemu majina yake yote, ya baba zake na ya mama zake, na mambo aliyoyafanya, na kila jina linaitikiwa kwa kilio. Bila hayo, mjane hanyolewi nywele, watoto hawaombewi, na marehemu mwenyewe yuko njiani tu.

Niliingia kwa Mujinga siku ile ile. Alikuwa amekaa kwenye kiti, kitambaa kichwani, amefungasha vyombo vyake vyote kwenye shuka, na kofia iko magotini.

"Kaka yangu anasema twende ku kambi, ku ba ONU," akaniambia. "Lori iko inatungoja siku ya kwanza. Minamwambia siendi. Nitaenda namna gani, Mama Madeleine? Kama niko mujane, baninyoe. Kama niko bibi ya muntu, niikale hapa nimungoje. Mie niko nini?"

"Uko mujane."

"Basi nimulilie. Hapa. Kwa sauti. Bamusikie pa avenue yake." Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Kama sikumulilia, sitoki. Bakuje kunitosha na watoto wangu kama vile balimutosha baba yao mu lori."

Watoto wake wadogo walikuwa wamelala kwenye mzigo wa shuka. Nilijua hatanii. Mujinga akisema hatoki, hatoki, na wale vijana wa Kamati walikuwa wameshaanza kupita nyumba za Wakasai na kuhesabu madirisha. Nilirudi kwangu nikiwa na jambo moja tu kichwani. Huyu mwanamke lazima alie kabla ya lori kuondoka Jumatatu.

Na hapo ndipo nikalitazama lile sanduku la muziki sebuleni kwangu.

Inabidi nieleze habari za Cercle. Mume wangu Anaclet alikuwa rais wa Cercle, yaani chama cha wasikilizaji wa muziki wa okestra, cheo alichopewa kwa sababu sebule yetu ilikuwa kubwa na ina umeme. Kila Jumapili baada ya Misa, mabwana kadhaa wa Kamalondo walivaa makoti na kuja kwetu kusikiliza santuri za Wazungu wa karne iliyopita. Pikapu, yaani lile sanduku la kupigia muziki, na santuri zake zilikuwa za Edouard. Mkuu wake wa kizungu alipokimbia, mwaka ule wa uhuru, alimwachia vyote kwa kukosa nafasi garini. Sheria za kusikiliza waliziweka wenyewe zamani, walipofundishwa na bruda mmoja, frère wa shule: mikono magotini, hakuna kukohoa, na santuri ikiwa inazunguka hakuna mtu anayesimama, hata nyumba ikiungua.

Edouard aliongeza sheria mbili za kwake. Ya kwanza, santuri ikiisha, kila mtu aseme alichosikia ndani yake. Ya pili, asiyesikia kitu, santuri inarudishwa mwanzo kwa ajili yake, na wote wanakaa naye mpaka asikie.

Mimi nilikuwa napeleka kahawa na kurudi jikoni. Nimezisikia santuri zote hizo nikiwa nimeshika mwiko, na hakuna hata bwana mmoja aliyewahi kuniuliza nilisikia nini. Lakini wao niliwasikia vizuri sana. Kapya, fundi wa kushona, alisikia chakula kila Jumapili. Violini zikianza kudokoa, yeye alisikia mafuta yanaanza kulia sufuriani. Adalbert, katekista, aliona malaika, na kila wiki idadi yao ilipanda. Siku moja Kapya alisinzia, akakiri kwamba hakusikia kitu, na ikabidi warudie upande mzima, wali wangu ukageuka uji. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kusema hakusikia.

Kulikuwa na santuri moja waliyoiita "ya farasi", kwa sababu ya picha iliyokuwa kwenye jalada lake. Edouard aliwaeleza kwamba hiyo inaitwa poème symphonique, hadithi isiyo na maneno, ambayo vyombo vyenyewe ndivyo vinavyoisimulia. Siku walipoisikiliza mara ya kwanza, Edouard alisema amesikia treni inaondoka Lubumbashi na mabehewa mengi, kisha breki ya ghafula porini. Constantin, ambaye siku zote alikaa karibu na Edouard, alisimama akasema:

"Mie nilisikia mukubwa wa inchi anaingia mu mugini yake. Zile tarumbeta za mwisho. Bantu bote banasimama."

Edouard akacheka. Hakuwa anacheka kwa ubaya, ila alikuwa na kicheko kikubwa.

"Ndugu yangu, soma mugongo ya santuri. Pa fasi ile muntu ameisha kufwa. Zile tarumbeta ni za kumuzika."

Wote wakacheka, hata Adalbert. Constantin alikaa chini, akaikaza tai yake ambayo haikuwa imelegea. Hakuiacha Cercle, wala hakubadilisha kiti. Ila mimi niliyekuwa mlangoni na sinia nilimwona, na sikumsahau.

Kamati ilipokataza mikutano mtaani, Cercle yetu peke yake iliruhusiwa. Constantin mwenyewe ndiye aliyeiombea ruhusa. Muziki wa kizungu hauleti fujo, aliwaambia wenzake, na zaidi ya hapo yeye atakuwepo kila Jumapili kuangalia.

Jumamosi nilimwambia Anaclet, tukiwa tunachambua maharage. Nilimwambia yote kwa mpigo, ili asipate nafasi ya kunikatiza. Aliendelea kuchambua, akatupa maharage mazuri kwenye takataka na mabovu kwenye sufuria.

"Unataka banikamate?" akauliza.

"Nataka uweke santuri. Si njo kazi yako?"

"Madeleine, sie wenyewe tuko bantu ba Manono, kule balikataa serikali ya hapa. Banatuangalia na sie. Leo Mukasai, kesho ni nani?"

"Njo vile. Kesho ni nani?"

Mume wangu si shujaa. Nasema hivyo kwa mapenzi, nimeishi naye miaka mingi. Panya akiingia ndani, mimi ndiye ninayemfukuza. Lakini baada ya muda aliinuka, akanawa mikono, akaenda sebuleni, na nilimsikia akichambua majalada moja moja. Nilipomchungulia, alikuwa ameishika ile ya farasi na kuipangusa kwa kitambaa laini, polepole, kuanzia katikati kwenda nje, kama Edouard alivyokuwa akifanya. Machozi yalikuwa yanamdondokea kidevuni, na alikuwa anajitahidi yasidondokee santuri.

Jumapili waliingia wanaume kwanza. Kapya, Adalbert, na Chomba dereva, ambaye hakuwa mwanachama na alikuwa ameazima koti la mtu mnene. Constantin akaketi kwenye kiti chake. Kiti cha Edouard kando yake kilikuwa tupu, na hakuna aliyekigusa.

Kisha nikafungua mlango wa jikoni, na wanawake wa avenue yetu wakaingia. Waliingia mmoja mmoja, kila mmoja na mkeka wake, wakatandika na kukaa chini, mpaka sakafu haikuonekana. Wengine wakakosa nafasi, wakakaa uani chini ya dirisha. Constantin alianza kugeuza shingo huku na huku.

"Anaclet, aba banamuke bote ni ba nini?"

Nilimtazama mume wangu.

"Ni basikilizaji, Bwana Constantin," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ila ilitoka. "Sheria ya Cercle haikataze banamuke."

"Na mikeka?"

"Viti habitoshi," nikasema mimi.

Wa mwisho kuingia alikuwa Mujinga. Alivaa kitenge cheusi na kitambaa cheusi kichwani, na mkononi ana kofia. Alipita katikati ya wanawake waliokunja miguu kumpisha, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti kilichokuwa wazi, akaiweka kofia juu yake, akaketi chini mbele yake. Constantin alisogeza goti lake upande wa pili. Kofia ilikuwa na vumbi jekundu la barabara ya Kasenga, Mujinga hakuwa ameipangusa.

Anaclet akaligeuza jalada na kusoma kama ilivyokuwa desturi, kwanza Kifaransa, kisha Kiswahili. Mpanda farasi anarudi kwao kutoka mbali. Kwenye daraja wanamngoja watu wa nchi yake mwenyewe. Farasi anafika nyumbani peke yake. Kengele zinapigwa. Mwisho, watu wote wanalitaja jina lake.

"Tuweke ingine," Constantin akasema. "Tuweke valse. Leo ni siku ya Bwana, bantu bafurahi."

"Ya leo imeisha kuchaguliwa," Anaclet akajibu, na akashusha sindano.

Nilikuwa nimeketi kwa mara ya kwanza. Jikoni unasikia muziki vipande vipande, katikati ya mvuke na mlio wa vyombo. Nikiwa nimekaa, mikono magotini, ulinijia mzima. Kulikuwa na pembe za mbali, laini, za mtu anayeona moshi wa nyumbani kwao. Kisha violini zote zikaanza kukimbia pamoja, na nilijikuta naomba, mimi mwenye akili zangu timamu, naomba kimoyomoyo asifike kwenye daraja. Akafika. Ngoma kubwa ikapiga pigo moja tu. Baada yake haikusikika ila filimbi moja, nyembamba, inauliza kitu kile kile mara kwa mara na hakuna chombo kinachoijibu. Nilimchukia aliyeitunga. Nilimchukia kwa sababu alikuwa amekufa zamani Ulaya na alijua.

Hakuna mwanamke aliyekohoa. Mtoto wa mtu alianza kulia uani na akanyonyeshwa mara moja. Wanawake walishika sheria ya Cercle kuliko wanaume walivyowahi kuishika, mpaka tarumbeta za mwisho zikapita na sindano ikabaki ikikwaruza katikati.

"Baba Kapya," Anaclet akasema, "ulisikia nini?"

Kapya alisimama. Mtu mcheshi, lakini siku ile uso wake ulikuwa umekaza.

"Leo sikusikia chakula. Nilisikia muntu banamuuliza jina yake. Akasema jina yote, na ya baba yake. Alikuwa na namna ya kusema ingine, angepona. Hakuipunguza jina yake." Akakaa.

"Bwana Adalbert?"

"Mie nilingoja malaika," katekista akasema. "Niliangalia pa daraja, niliangalia mu pori, niliangalia juu. Habakukuja." Akakaa.

Constantin alikohoa. "Tuko tunaongea juu ya muziki, si vile? Tubakie mu muziki."

"Ni muziki tu," Anaclet akasema. "Kila muntu anasema yenye alisikia. Ndugu Chomba?"

Chomba alisimama na lile koti lake kubwa. Hakujua aweke wapi mikono.

"Mie ni shofere, violini sizijue. Ila ile ngoma moja, bum, niliijua. Ni mulango ya nyuma ya lori. Banaifungua, inaanguka. Njo ile." Akalivuta lile koti. "Nilisikia muntu anateremuka yeye mwenyewe, hakungoja bamuvute. Anatosha kofia yake, ananipa ku dirisha. Anasema: Chomba, upeleke kwa bibi yangu, jua iko kali, asiende ku soko kichwa wazi. Kisha nilisikia ile filimbi. Ilikuwa mie. Niliwasha motere nikaenda. Nilikuwa nalia vile vile, sawa ile filimbi."

Mujinga hakutikisika. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mkono wake mmoja ulikuwa umeinuka na kushika mguu wa kile kiti chenye kofia.

"Mama Madeleine?"

Sikuwa nimetazamia. Anaclet alikuwa ananitazama mimi, mke wake, mbele ya Cercle nzima, na kuniuliza nilisikia nini. Nilisimama.

"Nilisikia farasi anafika ku nyumba," nikasema. "Na mwenye nyumba anatoka inje, anamuona yeye moja. Na jirani yake, mwenye alikuwa anakula na bwana yake kila siku ya Mungu, anasimama pa mulango na kumwambia: usilie, eko mu safari."

Constantin alikuwa amenyooka kitini, na kibeji kifuani kinapanda na kushuka.

"Bwana Constantin," Anaclet akasema. "Ulisikia nini?"

Alisimama. Alitutazama mmoja mmoja, taratibu, ili kila mtu ajue ameonekana. Kisha akasema kwa sauti ya ofisini:

"Mie sikusikia kitu. Na nyinyi vile vile hamukusikia kitu."

Nadhani alitaka tutawanyike. Alitaka tukunje mikeka na kwenda nyumbani na kunyamaza, na siku nyingine tungefanya hivyo, maana sote tulikuwa na watoto. Lakini Kapya fundi, aliyewahi kuniharibia wali wangu, alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kufunga kifungo:

"Asiyesikia kitu, banamurudishia."

Constantin alimgeukia. Nikaona anakumbuka. Alikuwepo siku Edouard alipoiweka sheria hiyo. Aliinua mkono wake kuikubali pamoja na wengine. Anaclet alikuwa ameshaishika santuri kwa vidole vya pembeni, anaipangusa, anairudisha mahali pake. Sindano ikashuka. Zile pembe za mbali zikaanza tena, na Constantin, ambaye maisha yake yote alitaka aonekane mtu aliyestaarabika, akakaa chini kwa sababu santuri ilikuwa inazunguka.

Mara hii Mujinga hakungoja. Violini zilipoanza kukimbia alifungua kitambaa chake kichwani na kukiacha kianguke. Wanawake wote wakafungua vyao. Mimi nikafungua changu. Ngoma ya daraja ilipopiga, alisimama na kuita.

Aliita kwa lugha ya kwao, na mimi sikuelewa yote. Nilielewa majina. Alimwita Edouard. Alimwita jina alilopewa na babu yake, alilokuwa analificha ofisini. Aliita jina la baba yake aliyetoka Kasai kwa miguu kuja kulaza vyuma vya reli, na la baba wa huyo. Alimwita mvaa kofia, mchukuzi wa samaki, mtu wa kicheko kinachopita ukuta. Kila jina tuliliitikia kwa kilio, na kilio kile kilikuwa kimekaa ndani yetu siku nyingi, kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine ambao nao walikuwa "mu safari". Nililia mpaka koo likaniuma. Nililia na nilikuwa na furaha, sioni aibu kusema. Uani wakaitikia. Kisha ng'ambo ya barabara wakaitikia, na nyuma yao wengine, watu ambao hawakuwa na santuri wala mwaliko, waliosikia tu jina la jirani yao linaitwa. Kamalondo nyumba zimebanana, sauti haina mahali pa kupotelea.

Constantin alisimama. Santuri ilikuwa bado inazunguka, na yeye alikuwa mwanachama wa kwanza kusimama hivyo tangu Cercle ianzishwe. Alipita akikanyaga mikeka, akafika kwenye pikapu, akainua sindano.

Okestra ikakatika. Kilio hakikukatika.

"Munyamaze!" akapiga kelele. "Hakuna muziki tena! Munalia nini sasa? Sasa ni nini hii?"

Nilikuwa nimekaa karibu na miguu yake. Niliinuka, kichwa wazi, uso umelowa, kamasi na vyote, nikasimama mbele ya ile tai.

"Sasa ni kilio, Bwana Constantin. Kilio ya Edouard, na weye njo ulituletea ruhusa yake. Angalia inje. Bote banasikia, na benzako ba Kamati banasikia. Ukitaka ikuwe muziki, urudishe sindano."

Alitazama dirishani. Barabara ilikuwa imejaa watu mpaka kwenye kona. Kwenye kona walisimama vijana wawili wa Kamati, hawajui wafanye nini, wanaitazama nyumba na kungoja mkubwa wao awaambie kinachotendeka ndani. Mkono wake ulikuwa bado umeshika sindano hewani. Nilimhurumia muda wa kufumba na kufumbua jicho, kisha sikumhurumia tena.

Akageukia santuri. Akatafuta mahali, akashusha sindano. Ikakwaruza vibaya, ikaruka, ikaingia penye kengele.

"Ni audition!" akawapigia kelele wale vijana kupitia dirishani, sauti imempasuka. "Banasikiliza muziki! Mubaache!"

Alirudi kwenye kiti chake kando ya kofia na kuweka mikono magotini. Mujinga hakuwa amenyamaza hata kidogo. Aliendelea kuita mpaka majina ya mumewe yakaisha, na tarumbeta za mazishi zikapita juu yetu sote, na wanawake wakamkalisha katikati yao na mmoja akatoa wembe kwenye leso. Nywele zake zilianguka kwenye mkeka wangu. Alinyoosha shingo na kufumba macho kama mtu aliyefika nyumbani kutoka mbali, akaniambia kwa sauti iliyokauka, "Sasa nitaenda, Mama Madeleine. Lori ikuje."

Upande wa santuri ukaisha. Santuri ikabaki inazunguka bure. Anaclet alijipangusa uso kwa kile kitambaa laini, akamgeukia Constantin, akamuuliza kwa adabu yote ya rais wa Cercle:

"Bwana Constantin, ulisikia nini?"

Constantin alikitazama kiti cha kando yake. Hakujibu.

Basi Anaclet, mume wangu anayeogopa panya, akairudisha santuri mwanzo.